Inajua pa kukatia, haijui pa kumeza: programu ya silabi za Kiingereza baada ya miezi minne

Kwa mwenye haraka: nyota tatu kati ya tano. Moja ni ya mkazo, moja ni kwa kuwa ikishapakuliwa haidai intaneti, na ya tatu nimeitoa kwa shingo upande. Asiye na haraka avute kiti.

Kazi yangu ni kusoma kwa sauti. Watu wanaandika miongozo ya mafunzo ya kazini, mingine kwa Kiswahili, mingine kwa Kiingereza, nami najifungia kwenye chumba kisicho na mwangwi naisoma mbele ya maikrofoni. Baadaye wafanyakazi nisiowajua wanaisikiliza huku wakiendelea na shughuli zao. Kwa Kiswahili sina presha. Nipe "walivyotufundishia" hata nikiwa na usingizi, nitaikata bila kufikiri: wa-li-vyo-tu-fu-ndi-shi-a, silabi nane, mkazo kwenye "shi", ya pili kutoka mwisho, tumemaliza. Lugha yetu ina huruma. Silabi karibu zote zinaishia kwenye irabu, mkazo una makao yake yanayojulikana, na maneno yanayohama makao hayo unaweza kuyahesabu kwa vidole. "Barábara" ya kusema sawasawa imehama ili isigongane na "barabára" inayopitwa na magari, na wenzake si wengi.

Kiingereza ni mpangaji asiyekaa nyumba moja. Na mimi aliniumbua.

Nilipewa mwongozo wa ghala, kurasa arobaini na kitu. Neno "inventory" lilikuwa karibu kila ukurasa. Nikalitazama, nikamwona ndugu yake "inventor" ndani yake, na kwa kuwa huyo nilimjua kuwa mkazo wake uko katikati, nikasoma in-VEN-to-ry kwa kujiamini kabisa, kurasa zote. Kumbe mkazo uko mwanzoni: IN, halafu mengine yanafuata yakikimbia. Kazi ikarudi na ujumbe wa upole. Msikilizaji mmoja alikuwa ameuliza huyo mvumbuzi anayehesabiwa kila mwisho wa mwezi ni nani, na kwa nini anawekwa kwenye rafu.

Nilirudia kurekodi yote. Mtoto wa kaka yangu, ambaye kazi yake ni kupanga kurasa za vitabu, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema, "Shangazi, weka hii kwenye simu. Unaandika neno, inakukatia silabi na kukuonyesha mkazo." Ndivyo tulivyokutana, mimi na hii programu. Jina lake silitaji, kwa sababu baada ya kuipima nilijaribu nyingine tatu na zinafanana kama mapacha. Lawama ya moja ni ya wote.

Inafanya kazi hivi. Unaandika neno, au unaelekeza kamera kwenye ukurasa na kuligusa. Neno linajitokeza limekatwa kwa vistari. Pembeni kuna namba: idadi ya silabi. Kuna alama ndogo ya mkwaju kuonyesha mkazo, na vitufe viwili vya sauti, kimoja kinasoma kipande kimoja kimoja na kingine kinasoma neno zima. Ukilipia unaongezewa orodha ya kuhifadhi maneno, na unaonyeshwa mkazo wa pili, ule mdogo unaosindikiza ule mkubwa.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya hasara tupu, na kosa lilikuwa nusu langu, nusu lao. Ile alama ya mkazo wanaiweka baada ya silabi. Mimi nilizoea alama za fonetiki za kimataifa, ambazo huiweka kabla ya silabi inayokazwa. Kwa hiyo nilipoona re-spon-si-bil'-i-ty, macho yangu yalisoma kwamba mkazo uko kwenye "i" inayofuata. Siku nne nzima nilikuwa nahamisha mkazo hatua moja mbele kwa kila neno, kwa bidii na kwa utii, na kujiuliza mbona Kiingereza kimekuwa kigeni kuliko jana. Kamusi zenyewe hazikubaliani kuhusu jambo hili, nyingine huweka kabla, nyingine baada, lakini programu inayojiita ya wanaojifunza ingeliandika hilo kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza. Ukiingia kwenye mipangilio unaweza kuibadilisha ili silabi yenye mkazo itokee kwa herufi nzito. Fanya hivyo kabla ya jambo lolote lingine.

Baada ya hapo, nikiri, ilianza kunilipa.

Kilichonifaa zaidi ni kuona ukoo wa neno ukiwa umepangwa pamoja. Ukiandika "photograph", chini yake zinatokea "photography" na "photographic", kila moja na mkazo wake. PHO-to-graph. Pho-TOG-ra-phy. Pho-to-GRAPH-ic. Ni shina lilelile, herufi zilezile kumi mwanzoni, na mkazo umekanyaga silabi tatu tofauti kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Sikuwahi kufundishwa hivyo. Nilifundishwa neno moja moja, kila moja na mateso yake. Angalia pia "Canada": sisi tunasema Ka-NA-da, wao KAN kisha basi. Ukiligeuza kuwa "Canadian", mkazo unahamia kwenye silabi ya pili, na ile "Kan" iliyokuwa mfalme inageuka kuwa mlinzi wa mlango.

Nikaanza kuhifadhi maneno kwenye ile orodha (nililipia, ndiyo), na yalipofika kama mia mbili nikaona kitu ambacho programu yenyewe haikusema popote. Maneno yanayoishia na -tion ni yetu! Education, information, examination, communication: mkazo uko pale pale tunapouweka sisi kwa mazoea, silabi ya pili kutoka mwisho. Na -ic vivyo hivyo: economic, automatic, scientific. Na -ician: electrician, politician. Mswahili akisoma maneno hayo kwa mdomo wake wa nyumbani, mkazo hautamwangusha. Miaka yote nilikuwa naogopa maneno marefu ya Kiingereza kwa jumla yake, kumbe nusu ya waliokuwa wananitisha ni ndugu. Wapo wakorofi wachache, kama "arithmetic" linalokaza silabi ya pili kutoka mwanzo, na "politics" linalokaza ya kwanza kabisa, lakini wakorofi wapo kila ukoo.

Mtego wenyewe uko kwenye kundi la pili, lile linalotaka urudi nyuma hatua moja zaidi, silabi ya tatu kutoka mwisho: -ity, -ical, -logy, -graphy, na vitenzi vya -ate. Ndiyo maana "electric" inakazwa LEC lakini "electricity" inakazwa TRIC. Ndiyo maana "communicate" ni com-MU-ni-cate ingawa "communication" mkazo uko kwenye CA. Hapa mdomo wa Kiswahili unavuta kwenda kwake, na unahitaji kuushika hatamu. Kisha kuna kikundi kidogo kinachokaza mwisho kabisa: engineer, volunteer, refugee, Japanese. Hao ni wachache na wana kelele, utawajua.

Halafu kuna maneno tuliyoyaazima zamani, ambayo tunadhani tunayajua. Haya ndiyo yaliyonifedhehesha kuliko mengine, maana sikuwa hata nayaangalia. "Kamera" tunasema ka-ME-ra. Wao wanaanza na CAM. "Kalenda", "maneja", "hospitali", "televisheni": yote tumeyavalisha nguo zetu, tukayasogezea mkazo nyumbani, na tukirudi kusoma Kiingereza tunasahau kuwavua. Yapo yaliyoangukia mahali sahihi kwa bahati: hoteli, polisi, kompyuta, hata injinia. Kwa kuwa haya ni sahihi, unadhani na yale ni sahihi. Programu haijui kitu kuhusu hilo, na siilaumu, haikutengenezwa na mtu anayesema "televisheni". Lakini wewe unayesoma hapa andika ya kwako pembeni. Yangu yako thelathini na moja na yanaongezeka.

Sasa tuje kwenye ile namba ya pembeni, idadi ya silabi.

Andika "idea". Programu itakwambia: silabi 1.

Nilidhani simu imeganda. Nikaifungua upya. Silabi 1. Sasa hata mtoto akipiga kofi kwa kila silabi atapiga mara tatu: ai-di-a. Nikaandika "about": silabi 1. "Ability": abil-i-ty, silabi 3, wakati mdomo unatoa nne. Nikampigia yule mtoto wa kaka yangu, kwa sauti ambayo shangazi hutumia akiwa ameuziwa kitu kibovu.

"Shangazi," akasema, "hiyo haikati silabi. Inakata mistari."

Akanieleza na nilielewa mara moja, kwa sababu vistari vya mwisho wa mstari nimeviona maisha yangu yote kwenye magazeti bila kujiuliza vinatoka wapi. Mpanga kurasa neno likimzidia upana, analikata kwa kistari na kulimalizia mstari wa chini. Sheria yake ya kwanza ni kwamba haachi herufi moja peke yake mwishoni mwa mstari, kwa sababu inaonekana vibaya na haimsaidii msomaji. Kwa hiyo "idea" haikatwi kabisa, "about" haikatwi, na "ability" haikatwi baada ya a. Kamusi nyingi za Marekani huweka vidoto katikati ya maneno kwa mtindo huohuo, na watu tunadhani vile vidoto ni silabi. Si silabi. Ni ruhusa ya kukata. Mara nyingi ruhusa na silabi zinalingana, ndiyo maana kosa linajificha vizuri.

Yeye ni mtu wa kurasa, kwa hiyo hakuishia hapo. Aliniambia kwamba mwaka 1983 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford aitwaye Franklin Liang aliandika tasnifu kuhusu namna kompyuta inavyoweza kukata maneno hayo yenyewe, na njia yake ikaingia kwenye TeX, programu ya kupanga kurasa ya mwalimu wake Donald Knuth. Haina kamusi nzima ndani. Ina vipande vya herufi 4,447, kila kimoja na namba zinazosema hapa kata, hapa usikate, na vikijumlishwa juu ya neno vinapata karibu 89% ya vistari vilivyo kwenye kamusi ndogo, bila kukosea karibu kabisa. Kwa mpanga kurasa hiyo ni ajabu, kwa sababu kwake kukosa pa kukatia si kosa, analisukuma neno zima mstari wa chini maisha yanaendelea. Lakini kwa mimi ninayehesabu silabi, kila kistari kilichokosekana ni silabi iliyozikwa hai.

Kuna kitu kimoja kwenye maelezo yake nilichokipenda kuliko hata programu. Zile kanuni zilihitaji orodha ya maneno yasiyotii, na orodha hiyo ina maneno 14 tu. Kati yao yamo "present" na "project", na yamewekwa pale ili yasikatwe mahali popote. Sababu ni kwamba hayana jibu moja. Likiwa nomino, zawadi au wakati huu tulionao, ni PRES-ent. Likiwa kitenzi, kuwasilisha, ni pre-SENT. Mkazo ukihama, hata mpaka wa silabi unahama nao, ile "s" inatoka chumba kimoja inaingia kingine. Mashine isiyojua maana ya sentensi haiwezi kujua "s" inalala wapi, kwa hiyo aliyeitengeneza akaiambia inyamaze. Huo ndio ungwana.

Programu yangu hainyamazi. Ukiandika "present" inakupa pres-ent na kusonga mbele, bila hata alama ndogo kwamba kuna la pili. "Record", "object", "permit", "conduct", "desert": vivyo hivyo, jibu moja, sauti ya kujiamini. Kwa msomaji wa miongozo ya kazini hili si dogo, maana kila ukurasa kuna kibali na kuruhusu, kumbukumbu na kurekodi. Niliwaandikia kuhusu hili. Wakajibu kwa adabu kwamba wamelipokea.

Hesabu nayo inakosea upande wa pili pia, yaani inatoa vipande zaidi ya vile vinavyotamkwa. "Characteristically" wanaikata vipande saba. Mdomo unatoa sita, kwa sababu -ically husemwa kama "-ikli", ile "cal" haipo, ni ya kuandikwa tu. Nalo lile jitu ambalo kila mtu hulijaribu kwenye programu kama hizi, "antidisestablishmentarianism", herufi 28: inakata vipande kumi na moja, wakati ukilisema zinatoka silabi kumi na mbili, maana -ism ya mwisho ni sauti mbili, i na kitu kama "zam" kilichobanwa. Mkazo wake mkuu waliuweka sawa, kwenye "tar". Hilo neno sijawahi kulisoma kazini na sitegemei.

Kinachonichekesha ni "comfortable". Programu inasema com-fort-able, vipande vitatu. Waingereza wengi wanaposema haraka, zinatoka silabi tatu kweli: KAMF-ta-bol. Tatu na tatu! Namba imelingana, nyota ya haki ingestahili kutolewa, ila si tatu zilezile hata kidogo. Ni kama kufika kwenye harusi kwa wakati, harusi ya watu wengine.

Kwa haki yao: maneno mafupi yaliyojaa konsonanti inayapata vizuri. "Strengths" ina herufi 9 na programu inasema silabi 1, na ni kweli. Mdomo wangu ukiachiwa utaipa nne au tano, kwa kuwa hauvumilii konsonanti kukaa bila irabu ya kuziliwaza. Kuona ile 1 imekaa pembeni kulinisaidia zaidi ya maelezo yoyote.

Lakini tatizo kubwa, lile lililozuia nyota ya nne, ni kitufe cha kwanza cha sauti.

Mwalimu aliyenifundisha kusoma alikuwa akigonga meza kwa rula: usimeze maneno! Nimekua nikiamini kwamba kusoma vizuri ni kutoa kila silabi haki yake, mdomo wazi, irabu kamili. Kwa Kiswahili alikuwa sahihi kabisa. Mkazo wetu ni mwepesi. Silabi yenye mkazo inanyanyuka kidogo, lakini jirani zake hawanyang'anywi chochote. "A" ya kwanza ya "karatasi" na "a" ya mkazo ni a zilezile.

Kiingereza kinakaza kwa kunyang'anya. Silabi moja inakula, zilizobaki zinafunga. Irabu ya silabi isiyokazwa mara nyingi inasinyaa mpaka inakuwa ile sauti isiyo na rangi, ya mtu aliyefumbua mdomo nusu bila nia ya kusema, ambayo wataalamu huiandika kwa e iliyopinduliwa. Herufi iliyoandikwa inaweza kuwa a, e, i, o au u, sauti ni ileile. Kwenye "Canada" kuna a tatu kwenye karatasi. Mdomoni ipo moja tu, na vivuli viwili.

Sasa kile kitufe cha kwanza, cha kipande kimoja kimoja, kinasoma hivi: fo. Tog. Ra. Fi. Kila kipande kimepewa irabu kamili, kimesimama wima kama askari wa gwaride. Ni usomaji wa mwalimu wangu wa rula. Hakuna mtu duniani anayesema "photography" namna hiyo, na ukilifunza hivyo utaweka mkazo mahali sahihi na bado hutaeleweka vizuri, kwa sababu msikilizaji anategemea silabi nyingine zipungue ndipo ile moja ionekane.

Hili nilikuja kuliona kwa macho. Programu ninayorekodia huchora sauti kama milima kwenye skrini. Nikajirekodi nikisema "responsibility" kwa kufuata kile kitufe: milima sita, imepangana, mmoja umezidi wenzake kwa unywele. Kisha nikarekodi kitufe cha pili, cha neno zima, ambacho kwa bahati nzuri ni sauti ya mtu halisi. Kulikuwa na mlima mmoja mkubwa, "bil". Kabla yake kilima, "spon". Vilivyobaki ni mikunjo tu, kama shuka iliyolaliwa. Nikaweka michoro miwili juu na chini, nikaitazama kwa muda. Miaka yangu yote ya kusoma Kiingereza ilikuwa ile ya juu.

Nilimtumia yule kijana picha ya skrini. Akanijibu kwamba kuna kamusi ya matamshi ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, yenye maneno zaidi ya 134,000 kwa matamshi ya Marekani Kaskazini, na kila irabu ndani yake imepewa namba: 1 kwa mkazo mkuu, 2 kwa mkazo wa pili, 0 kwa isiyo na mkazo. "Responsibility" inakuwa 0 2 0 1 0 0. "Photography" ni 0 1 0 0. "Canada" 1 0 0, "Canadian" 0 1 0 0. Hapo ndipo nilipojua kitu ninachokikosa. Programu inanionyesha 1 bure, inanionyesha 2 nikilipa, na haina mpango wowote na 0. Na 0 ndiyo iliyokuwa inanishinda! Pa kukazia nimeshajua. Nataka kujua pa kumezea.

Siku hizi kwenye karatasi ninazosomea naandika zile namba kwa penseli juu ya kila neno refu, na sifuri nazichora ndogo sana, kwa makusudi, ili mdomo uone aibu kuzifungukia. Kile kitufe cha kwanza sikigusi. Nasikiliza cha pili mara tatu, nalivumisha neno kwa pua bila kulitamka, mm-MM-mm-mm, ndipo nafungua mdomo. Kwa njia hiyo mwongozo wa ghala wa pili, ndugu yake yule wa mvumbuzi, nilirekodi kwa kikao kimoja na haujarudi.

Mengine ni madogo. Lafudhi haichaguliki: inatoa ya Marekani bila kusema kuwa ni ya Marekani. "Advertisement" inakazwa kwenye "tise", wakati Uingereza wanakaza "ver". "Laboratory" inaanza na LAB, wakati Uingereza mkazo ni silabi ya pili. Kama wasikilizaji wako wanafuata Uingereza, hakikisha pengine. Kamera inasoma maandishi yaliyochapwa vizuri, mwandiko wa mkono inaugeuza kuwa maajabu. Matangazo hayapo, namshukuru aliyeamua hivyo. Betri hailiwi.

Sehemu ya kulipia naipendekeza kwa anayesoma maneno ya silabi tano na kuendelea, kwa ajili ya ule mkazo wa pili tu. Neno refu lenye mkazo mmoja ukilisoma linayumba. Lile "spon" dogo kabla ya "bil" ndilo linalokupa pumzi ya kufika. Kwa mwenye shida na maneno ya silabi tatu, ya bure inatosha.

Ile nyota ya tatu, ya shingo upande, ni ya ukoo wa maneno. Bila ule ukurasa wa "photograph" na wanawe nisingeanza orodha, na bila orodha nisingejua kwamba -tion ni ndugu.

Wiki iliyopita lilikuja toleo jipya, wakaandika kwamba wameboresha hesabu ya silabi. Nikafurahi, nikasema ngoja nisiweke maoni kwa haraka nikawaonea. Nimeifungua sasa hivi. "About": silabi 2. "Ability": silabi 4. Nikavuta kiti karibu.

"Idea": silabi 1.